MAISHA YA MUNGANGA CHRISTIAAN BARNARD, ALIYEBADILISHA MOYO WA MTU



Tulipojifunza mzunguko wa damu katika somo la biolojia, swali moja liliingia kati yetu na halikutoka upesi. Mwalimu alitaja jina la Munganga Christiaan Barnard wa Afrika ya Kusini, mtu wa kwanza kuondoa moyo wa mgonjwa na kuweka fasi yake moyo wa mtu mwingine. Kisha akasema kwamba yule mgonjwa aliishi siku 18 tu. Hapo kelele ikaanza. Wamoja walisema kwamba munganga ambaye mgonjwa wake anakufa nyuma ya siku 18 ameshindwa, na hapana lazima kumsifu. Wengine walisema kwamba aliyefungua njia anastahili sifa hata kama njia yenyewe ilikuwa mbaya mwanzoni. Mabishano yalifika mpaka katika dortwari, na taa zikazimwa mbele ya kupata jibu.

Ndiyo sababu tumetafuta habari za maisha yake na kuziandika hapa, ili kila mtu apime mwenyewe.

Mtoto wa mchungaji

Christiaan Neethling Barnard alizaliwa tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka wa 1922 katika Beaufort West, mji mdogo wa nchi kavu inayoitwa Karoo. Baba yake alikuwa mchungaji. Alikuwa mzungu, lakini kanisa alilochunga lilikuwa la machotara, maana yake watu wa damu ya mchanganyiko. Katika ile nchi kila rangi ilikuwa na benchi lake, masomo yake, na hata kanisa lake. Mchungaji wa machotara hakupata mshahara sawa na mchungaji wa wazungu, na nyumba ya Barnard haikuwa na mali mingi. Watoto walikua wakiona kila siku namna baba yao alivyokaa katikati ya watu wenye walizarauliwa na wengine.

Mama yake alikuwa mwanamke wa nguvu. Aliwafundisha watoto wake wasikubali kusema kwamba kazi fulani inawashinda. Lakini neno moja lilimshinda hata yeye: mmoja wa watoto wake, jina lake Abraham, alikufa akiwa bado mdogo sana kwa ugonjwa wa moyo. Wakati ule hakuna munganga aliyeweza kumsaidia mtoto wa namna ile. Christiaan alikua akijua kwamba katika familia yao kuna mtoto aliyekufa juu ya moyo usiotengenezeka.

Alimaliza masomo ya sekondari mwaka wa 1940, akaenda kusomea uganga kwenye Universite ya Cape Town. Alipopata diploma alitumika kwanza katika hopitali ya Groote Schuur, kisha akawa munganga wa kawaida katika mji mdogo wa Ceres, akitembelea wagonjwa nyumbani kwao. Nyuma yake alirudi Cape Town kusoma zaidi, na mwaka wa 1953 alipata udokta kwa kazi aliyoandika juu ya kifua kikuu kinachoingia katika ngozi ya ubongo. Basi hakuanza na moyo. Alianza na kazi ndogo, kazi ya kila siku.

Mara 43

Kuna habari moja ya ile miaka ambayo watu wengi hawaijui, nasi tunaona inapita zingine kwa kutufundisha. Watoto wamoja walizaliwa na utumbo uliokatika: chakula hakikuweza kupita, na mingi kati yao walikufa. Waganga walikuwa wanaunganisha zile ncha mbili za utumbo, lakini watoto waliendelea kufa. Barnard alijiuliza kama sababu yake si damu: labda kipande cha utumbo kilikosa damu wakati mtoto alikuwa bado tumboni mwa mama.

Ili kujua, alichukua mbwa wenye mimba, akafungua tumbo, akafunga mshipa mdogo wa damu wa mtoto wa mbwa, akamrudisha tumboni azaliwe kwa wakati wake. Mara ya kwanza ilimshinda. Mara ya pili vilevile. Alirudia kazi hii kwa miezi tisa. Mara ya 43 tu ndipo mtoto wa mbwa alizaliwa na ugonjwa uleule wa watoto wa watu. Sasa sababu ilijulikana: zile ncha zilizounganishwa zilikuwa tayari zimekosa damu. Ilifaa kukata kwanza sentimeta 15 mpaka 20 za utumbo mubaya, kisha kuunganisha pale penye uzima. Kwa njia hiyo watoto 10 waliokolewa katika Cape Town.

Tafazali, msomaji, simama kidogo hapa. Sisi wengine tukishindwa hesabu moja mara tatu tunafunga daftari.

Minneapolis, na rafiki asiye na haraka

Mwisho wa mwaka wa 1955 Barnard alikwenda Marekani, kwenye Universite ya Minnesota katika mji wa Minneapolis. Kule profesa Owen Wangensteen alikuwa amekusanya vijana wenye akili ya kutafuta mambo mapya. Munganga Walton Lillehei alikuwa anafungua mioyo ya wagonjwa na kuitengeneza, wakati mashine inafanya kazi ya moyo na mapafu inje ya mwili. Barnard aliona ile mashine, akaipenda, akaacha njia ya utumbo na kuingia njia ya moyo. Kulekule ndipo alipojua kwamba ana ugonjwa wa viungo, wenye kuvimbisha mikono. Kwa munganga mwenye kushika kisu, habari ile ni nzito, lakini hakuacha kazi.

Katika hopitali ile kulikuwa pia kijana mwingine, Norman Shumway. Wasomaji wakumbuke jina hili, maana litarudi.

Mwaka wa 1958 Barnard alirudi Cape Town na udokta mwingine, pamoja na mashine ya moyo na mapafu ambayo Wangensteen alimsaidia kupata. Katika Groote Schuur akaanza kufungua mioyo ya watoto na ya watu wazima. Ndugu yake Marius, ambaye naye alikuwa munganga, alikuja kutumika pamoja naye.

Mbwa, na mtu wa bustani

Lakini kuna mioyo isiyotengenezeka. Moyo ukiisha kuchoka kabisa, nyama yake imekufa na kuwa kovu, hakuna sindano wala uzi vitakavyousaidia. Mgonjwa anavimba miguu, anakosa pumzi akilala, anakufa pole pole. Kwa mgonjwa wa namna hiyo njia ilibaki moja: kumpa moyo mwingine.

Shumway, ambaye alikuwa amehamia Universite ya Stanford, alishika kazi hiyo pamoja na Richard Lower. Mwaka wa 1960 walitangaza kwamba mbwa mmoja aliishi siku 21 na moyo wa mbwa mwingine. Walikuta namna ya kuukata na kuushona ambayo ni nyepesi na inafaa. Waganga wengi wakafuata njia yao, Barnard vilevile.

Katika laboratwari ya Cape Town Barnard alibadilisha mioyo ya mbwa karibu 50. Na hapo tunataka kutaja mtu mwingine. Hamilton Naki alikuwa mtu mweusi kutoka Transkei. Alikuja Universite ya Cape Town kutumika katika bustani. Siku moja profesa Robert Goetz alimwita amsaidie kushika mnyama, na tangu hapo hakurudi kabisa kwenye majani. Alijifunza kulalisha wanyama kwa dawa, kukata, kushona mishipa midogo, na mwishoni alifundisha hata waganga vijana waliokuja na diploma zao. Yeye hakuwa na diploma yoyote. Juu ya sheria za ubaguzi hakuweza kuitwa munganga, na alipopumzika mwaka wa 1991 alipewa pensheni ya mtu wa bustani.

Watu wamoja walieneza habari kwamba Naki alikuwa katika chumba ile siku ya moyo wa kwanza. Habari ile si kweli, na magazeti yaliyoiandika yalijisahihisha. Kazi yake ilikuwa ya laboratwari, na ilikuwa kubwa ya kutosha. Haihitaji kuongezewa uongo. Mwaka wa 2003 universite ilimpa diploma ya heshima, miaka miwili mbele ya kufa kwake.

Usiku wa kuamkia siku ya Mungu

Sasa tufike mwaka wa 1967. Katika Groote Schuur alilala Louis Washkansky, mwenye duka la vyakula, mtu wa miaka zaidi ya 50. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na moyo wake ulikuwa umeharibika karibu wote. Barnard alimweleza kwamba anaweza kujaribu kumpa moyo mwingine. Washkansky hakuchelewa kukubali. Mtu anayejua kwamba atakufa hapana sababu ya kuogopa sana mto usiojulikana.

Tarehe 2 mwezi wa 12, siku ya posho, mwanamke kijana Denise Darvall, mwenye miaka 25, alikuwa anavuka barabara katika Cape Town pamoja na mama yake. Walikuwa wametoka kununua keki. Motokari iliwagonga. Mama alikufa palepale. Denise alifikishwa Groote Schuur, lakini kichwa chake kilikuwa kimevunjika, na ubongo wake haungeweza kurudi tena. Moyo tu ulikuwa bado unapiga.

Waganga walikwenda kwa baba yake, Edward Darvall, ambaye katika mchana mmoja alipoteza bibi yake na binti yake. Walimwambia kwamba hawana njia ya kumwokoa Denise, na wakamwomba moyo wake kwa ajili ya mtu mwingine. Yule baba alinyamaza dakika chache. Alimfikiri binti yake, namna alivyopenda kutoa zawadi. Kisha akakubali. Aliruhusu hata figo yake, na ile figo iliwekwa katika mtoto chotara wa miaka 10.

Sisi tulipofika hapa katika kusoma tulinyamaza pia. Watu wote wanajua jina la Barnard. Lakini kama Edward Darvall angekataa, na alikuwa na haki ya kukataa, Barnard angebaki mikono mitupu.

Usiku ule watu karibu 30, waganga pamoja na wauguzi, waligawanyika katika vyumba viwili vilivyo jirani. Walingoja mpaka moyo wa Denise uliposimama. Kisha ukatolewa, ukabebwa hatua chache mpaka chumba cha pili. Barnard alikata moyo wa Washkansky na kuutoa. Ameeleza kisha namna alivyotazama lile shimo tupu katika kifua cha mtu ambaye bado ni mzima, akaelewa kwamba hakuna tena kurudi nyuma. Mashine ilikuwa inasukuma damu. Wakashona moyo mpya, mshipa kwa mshipa. Walipomaliza wakaupiga mshituko wa umeme. Ulitetemeka, kisha ukaanza kupiga. Ilikuwa asubuhi ya siku ya Mungu, tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka wa 1967.

Siku 18

Habari ilikimbia dunia nzima upesi. Mtu ambaye siku ya posho hakujulikana sana inje ya Cape Town, siku ya kwanza ya juma jina lake lilikuwa katika magazeti ya kila nchi. Washkansky aliamka, akasema, akacheka na waganga.

Lakini adui alikuwa mwingine. Mwili wa mtu una askari wake katika damu. Wakikuta kitu kigeni, wanakipiga mpaka kife. Askari hawa hawajui kwamba moyo mgeni umekuja kusaidia. Ndiyo sababu waganga walimpa Washkansky dawa za kuwalaza, na hata miali ya mashine. Askari walilala kweli. Na wakati wamelala, mikrobe ziliingia katika mapafu. Tena waganga walipoona madoa katika picha ya mapafu, walifikiri mwili unakataa moyo, wakaongeza zile dawa. Kumbe ilikuwa nimonia. Louis Washkansky alikufa tarehe 21 ya mwezi uleule. Moyo wa Denise ulipiga vizuri mpaka mwisho. Mapafu ndiyo yalimwangusha.

Basi ona neno hili: kushona moyo kulifaulu. Kilichokosekana ni kujua namna ya kutunza mtu nyuma ya kushona.

Moyo wa chotara

Barnard hakungoja mingi. Tarehe 2 mwezi wa kwanza mwaka wa 1968 alirudia. Mgonjwa alikuwa Philip Blaiberg, munganga wa meno, mzungu. Moyo ulitoka kwa Clive Haupt, kijana chotara wa miaka 24, aliyeanguka kwenye pwani ya bahari kwa damu iliyopasuka katika ubongo. Bibi yake, ambaye walioana miezi michache tu, alipaswa kutoa jibu lilelile la Edward Darvall.

Katika Afrika ya Kusini ya wakati ule sheria ilikataza chotara na mzungu kukaa kwenye benchi moja, kuoga kwenye pwani moja, kuoana, kusoma pamoja. Sasa moyo wa chotara ulikuwa unapiga katika kifua cha mzungu, na damu haikuuliza kitambulisho. Watu wa nchi zingine waliliona jambo hili upesi na kuliandika sana. Barnard mwenyewe hakupenda ule ubaguzi na alisema hivyo mbele ya watu, na katika sehemu yake ya hopitali wauguzi wa rangi zote walihudumia wagonjwa wa rangi zote. Lakini tusizidishe: sheria hazikuanguka juu ya moyo mmoja. Zilibaki miaka mingi, na Clive Haupt kama angekuwa mzima asingeruhusiwa kuoga pamoja na Blaiberg.

Blaiberg alirudi nyumbani. Aliendesha motokari yake, akaonekana pwani akicheka. Aliishi miezi 19, mpaka mwezi wa 8 mwaka wa 1969. Ni yeye aliyeonyesha dunia kwamba kazi hii inaweza kumpa mtu maisha, si siku chache tu za kitandani.

Mwaka wa mbio, na miaka ya uvumilivu

Katika mwaka wa 1968 waganga wa nchi nyingi walikimbilia kubadilisha mioyo. Zaidi ya mioyo 100 ilipandikizwa katika mwaka ule mmoja. Kila hopitali kubwa ilitaka jina lake katika gazeti. Lakini wagonjwa walikufa, wengi mbele ya kumaliza mwaka. Basi wengi wa wale waliokimbia kuanza walikimbia pia kuacha, na nyuma ya miaka miwili ao mitatu karibu wote walikuwa wamefunga ile kazi.

Wachache hawakuacha. Wa kwanza wao ni yule Norman Shumway wa Stanford. Yeye alikuwa amefanya kazi ya mbwa miaka mingi kupita wote, na Barnard alimtangulia kwa mwezi mmoja tu na siku chache. Hatukusoma kwamba alipoteza wakati wake kwa kulia juu ya heshima iliyompita. Alichagua wagonjwa kwa uangalifu, akaandika kila mtu aliyepona na kila mtu aliyekufa na sababu yake, akarekebisha. Mwaka wa 1973 kijana wa hopitali yake, Philip Caves, alitengeneza chombo chembamba kinachopita katika mshipa wa shingo mpaka ndani ya moyo na kuchukua kipande kidogo sana cha nyama. Kwa kutazama kile kipande katika mikroskopu waganga waliweza kujua kama mwili unakataa moyo, mbele mgonjwa hajazidiwa. Kosa lile la Washkansky, la kudhani nimonia ni kukataa, lilipata dawa yake.

Kisha ikaja dawa yenyewe. Katika udongo wa Norvege waganga wa kiwanda cha dawa cha Uswisi walikuta ukungu mdogo. Mwaka wa 1972 Jean-François Borel aliona kwamba maji ya ule ukungu yanalaza wale askari wa damu wanaokataa kiungo kigeni, bila kuwaua wote. Dawa ile inaitwa siklosporini. Mwisho wa mwaka wa 1980 Stanford walianza kuitumia kwa wagonjwa wa moyo, na tangu hapo hesabu zikabadilika. Hopitali zilizofunga kazi zikafungua tena.

Barnard naye ni kati ya wale ambao hawakuacha. Kati ya wagonjwa wake 10 wa kwanza, wanne walipita mwaka mmoja. Mmoja wao aliishi zaidi ya miaka 12, na mwingine zaidi ya miaka 20. Mwaka wa 1974 alianza njia ingine: kuacha moyo wa zamani ndani ya kifua na kuweka wa pili karibu yake, ili isaidiane. Mwili ukikataa moyo mgeni, ule wa zamani unashika kazi wakati waganga wanatafuta dawa.

Hesabu za siku hizi zinasema hivi: kati ya wagonjwa 100 wanaopewa moyo mpya, 85 mpaka 90 wanapita mwaka wa kwanza, na karibu nusu wanapita miaka 12. Kwa wale ambao hawapati moyo kuna mashine ndogo inayosukuma damu. Mwaka wa 2001 ilitangazwa kazi moja ya Marekani iliyolinganisha wagonjwa wenye moyo uliochoka kabisa: waliopewa mashine, 52 kwa 100 walipita mwaka, waliopewa dawa tu, 25 kwa 100. Mashine haijamaliza shida, lakini hesabu inaonyesha njia.

Mwisho wa maisha yake

Hatutaki kumfanya Barnard malaika. Sifa zilimpeleka mbali. Alipenda kupigwa picha, alipenda safari na karamu za watu wakubwa. Alioa mara tatu na ndoa zote tatu zilivunjika. Watoto wake waliteseka juu ya hayo. Kazi za hopitali aliziachia wenzake mara mingi. Mwaka wa 1983 vidole vyake vilikuwa vimekazwa na ule ugonjwa wa viungo, akaacha kisu. Miaka michache kisha alitia jina lake kwenye mafuta ya ngozi yaliyosemwa kwamba yanazuia uzee. Waganga wenzake walimlaumu sana, na mafuta yenyewe yakaondolewa sokoni. Mtoto wa mchungaji aliyerudia kazi mara 43 ili ajue ukweli, mara hii alikubali kuuza jina bila kupima.

Alikufa tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka wa 2001 katika Paphos, kisiwani Kipro, alipokuwa anapumzika. Alikuwa na miaka 78. Watu walifikiri moyo wake umesimama, lakini waganga walikuta kwamba ni pumu iliyomfunga pumzi.

Je, alishinda ao alishindwa?

Turudi kwenye swali la darasani. Wale waliosema kwamba siku 18 ni kushindwa, tunawajibu kwamba zile siku 18 zilionyesha mambo mawili: kwamba moyo wa mtu unaweza kuhama, na kwamba shida iliyobaki iko fasi gani. Mbele ya hapo hakuna aliyejua. Lakini wale waliosema kwamba sifa yote ni ya aliyeanza, nao tunawajibu: kama wote wangefanya sawa wale wa mwaka wa 1968, kuanza kwa kelele na kuacha kwa kimya, hakuna mgonjwa hata mmoja angekuwa mzima leo kwa njia hii. Barnard alifungua mlango kwa usiku mmoja. Kuingia ndani kulichukua miaka zaidi ya 10, na waliofanya kazi ile hawakupigwa picha mingi.

Tena chini ya wote kuna wale waliotoa: Edward Darvall katika dakika chache za uchungu, na yule mjane kijana wa Clive Haupt. Hawakupata diploma, na Hamilton Naki aliipata akiwa mzee. Mungu anayejua mioyo amewaona.

Wanafunzi wenzetu, hasa ninyi wa mwaka wa sita pamoja nasi: Egzame ya Serikali inakuja. Wengine kati yetu watafaulu mara ya kwanza na kusahau kusoma. Wengine wataanguka, na watarudia, na labda hao ndio watakaofika mbali. Tusiangalie sana nani alitangulia. Tuangalie nani aliandika makosa yake katika daftari na kuyasahihisha.

Kama kuna aliye na jibu lingine juu ya lile swali la siku 18, atuletee karatasi mbele ya gazeti linalofuata. Tutalisoma mbele ya wote.

Mungu awabariki.

Kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa sita.